Mali ya Familia, Ugali wa Wengi

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI, wakati ukungu ungali umelala mabegani mwa mlima Meru, jiji la Arusha huwa limekwisha kuamka. Wanawake kwa wanaume hutoka Ngarenaro, Sombetini, Sakina na Unga Limited, wengine kwa miguu, wengine wamesongamana katika daladala, mkononi kila mmoja ameshika bakuli la chakula lililofungwa vizuri kwa kitambaa. Wanakwenda kazini: viwandani, katika karakana za useremala na za magari, katika mahoteli, katika makampuni ya kupokea watalii na katika maduka ya nguo na vipuri.

Ukiwasimamisha mmoja mmoja ukawauliza wanafanya kazi wapi, wachache tu ndio watakaokutajia jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye leseni. Wengi watakujibu kwa ufupi: "Nafanya kwa mzee fulani."

Ndugu msomaji, katika neno hilo dogo, "kwa", limefichika jambo kubwa. Maana yake ni kwamba mfanyakazi huyo haioni mbele yake kampuni bali anamwona mtu, na nyuma ya mtu huyo anaiona familia: mke wa tajiri anayeshika fedha, kijana wa tajiri aliyerudi juzi kutoka masomoni, shemeji anayesimamia ghala. Amani ikitawala katika nyumba ile, naye hulala usingizi. Ugomvi ukizuka mezani kwao, hofu huingia jikoni kwake. Hivyo mambo ya familia moja huwa mambo ya familia ishirini, au mia, au elfu.

Je, mali ya familia huendeshwaje, na ina wajibu gani kwa wale wasio wa familia? Yafaa tulitazame swali hili kwa makini, kwa sababu wengi wetu ama tumeajiriwa na biashara za namna hiyo, ama tunazo zetu wenyewe, hata kama ni kibanda cha mboga pale sokoni Kilombero.

KIHAMBA NDICHO KIWANDA CHA KWANZA

Kabla ya kuingia mjini, tupande kwanza mlimani. Ukitoka Tengeru ukaelekea Akeri au Nkoaranga, utapita katikati ya vihamba vya Wameru. Juu ni migomba, chini yake mibuni, chini zaidi maharage na magimbi, na karibu na nyumba ng'ombe mmoja au wawili wanaolishwa majani ya kukatwa. Mbolea ya ng'ombe huirutubisha migomba, migomba huupa mbuni kivuli, na majani yake humrudia ng'ombe. Hakuna kinachotupwa.

Hicho ni kiwanda, ndugu msomaji, ijapokuwa hakina king'ora. Kina mali ghafi, kina wafanyakazi, kina ghala, na soko lake ni pale Tengeru. Meneja wake kwa jina ni baba, ingawa mara nyingi kazi ya umeneja huifanya mama. Kwa mila, aliyekirithi kihamba hajioni kuwa ndiye mwenye mali peke yake. Alikipokea kwa waliomtangulia na atakikabidhi kwa watakaomfuata. Ndiyo maana mkulima wa mlimani hupanda mti ambao anajua kuwa kivuli chake hataketi chini yake yeye. Uvumilivu wa namna hiyo ndio nguvu ya kwanza ya mali ya familia, maana mtu anayewafikiria wajukuu hana papara ya faida ya wiki hii.

Lakini kihamba hicho hicho kinatuonya pia. Baba mwenye wana wanne alikigawa mara nne. Mmoja wa wana hao naye akakigawa kwa wanawe. Leo wapo warithi wenye vipande vya ardhi ambavyo mtu akisimama katikati yake anaweza kuongea na majirani wa pande zote bila kupaza sauti. Haki imetendeka, kila mtoto amepata chake, lakini kiwanda kimekufa. Mali iliyoweza kuilisha familia moja imegeuzwa kuwa vipande ambavyo haviwezi kumlisha yeyote. Jambo hili tutalikuta tena mjini, katika maduka na karakana.

Tena historia ya Meru inatukumbusha kwamba mali ya familia haisimami peke yake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Je, kila familia ilikwenda kulilia kihamba chake peke yake? Hasha. Watu walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Waliochanga hawakuwa wale waliofukuzwa peke yao. Walielewa kwamba ua wa jirani ukibomolewa, wako nao hauna salama.

SWALI LA AZIMIO

Tushuke sasa hadi mjini. Pale Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge, lipo jengo la kawaida ambalo sasa ni makumbusho. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari mwaka huo Azimio la Arusha likatangazwa. Siku iliyofuata mabenki yalitaifishwa, na baada ya hapo yakafuata makampuni ya kusaga nafaka na mengineyo, kisha mashamba ya mkonge.

Miongoni mwa mali zilizotaifishwa zilikuwamo za familia. Mfano mmoja ni Chande Industries, kampuni ya kusaga nafaka ya familia ya Andy Chande, ambayo biashara yake ilianzia Bukene, mkoani Tabora. Kampuni ilichukuliwa, lakini Chande mwenyewe akaombwa kuwa meneja mkuu wa shirika jipya, National Milling Corporation, naye akakubali. Kisa hiki kina fundisho. Nchi iligundua mapema kwamba hati ya mali na ujuzi wa kuiendesha mali ni vitu viwili. Hati huhamishwa kwa siku moja. Ujuzi, aliokuwa ameupata mtu tangu utotoni akiwa nyuma ya kaunta ya baba yake, hauhamishiki kwa tangazo.

Mifano ya upande mwingine ipo pia, tena hapa hapa Arusha. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichoundwa mwaka 1969, Serikali ikiwa na hisa 74 kwa mia na wabia wa kigeni 26, kiliwapa wakazi wa mji huu kazi na fahari kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 2000 mashine zake zilinyamaza. Hakikuwa cha familia yoyote, na bado kilianguka.

Basi, ndugu msomaji, tusidanganyane kwamba mali ya umma hufa daima au kwamba mali ya familia hudumu daima. Azimio liliuliza swali ambalo halijazeeka: mali hii inamtumikia nani? Swali hilo laweza kuulizwa mbele ya lango la shirika la umma, na laweza kuulizwa mbele ya duka la mzee.

CHANDARUA KUTOKA KISONGO

Mwaka 1966, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Azimio, kilianzishwa mjini Arusha kiwanda kidogo cha kushona nguo kilichoitwa A to Z. Kilikuja kujulikana kama mali ya familia ya Shah. Kilipita katika miaka ya uhaba wa bidhaa na fedha za kigeni, kikapita katika miaka ya kufunguliwa kwa soko ambapo nguo za mitumba zilivitikisa viwanda vyetu, na kikaingia katika utengenezaji wa vyandarua.

Vyandarua vya zamani vilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilibidi vichovywe tena dawa kila baada ya miezi kadhaa, na wengi wetu tulisahau au hatukuwa na fedha ya dawa. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilivumbua uzi ambao dawa imo ndani yake, nayo hujitokeza juu polepole kwa miaka. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha chandarua hicho, Olyset, mwaka 2001. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kukitengeneza karibu na wagonjwa wenyewe.

Mwaka 2003 A to Z ilikubali kukitengeneza. Sumitomo ilitoa ujuzi wake bila kudai malipo ya hataza, na mfuko wa Acumen wa Marekani ukatoa mkopo wa dola 325,000. Fikiri maana ya uamuzi huo kwa familia. Soko la bidhaa hiyo lilikuwa bado halijulikani, mashine zilikuwa ngeni, na wanunuzi wakubwa wangekuwa mashirika ya kimataifa na serikali, watu wasiokaa sokoni. Katika kampuni yenye wanahisa wengi waliotawanyika, jambo kama hilo lingeweza kujadiliwa hata mbu wakazeeka. Katika mali ya familia, ndugu wachache huketi, huamua, na kesho yake kazi huanza. Hiyo ni nguvu ya pili ya mali ya familia: wepesi wa kuamua.

Matokeo yanafahamika. Mwaka 2004 ulianza mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ambao ulimwezesha mama mjamzito kupata chandarua kwa bei nafuu, na miaka michache baadaye vikagawiwa vyandarua vya bure kwa watoto na kwa kaya zote. Tarehe 18 Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alikitembelea kiwanda hicho. Kampuni ya ubia, Vector Health International, iliundwa kati ya A to Z na Sumitomo kwa hisa nusu kwa nusu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2010, uwezo wa kutengeneza vyandarua ulitajwa kuwa kiasi cha milioni 30 kwa mwaka na wafanyakazi zaidi ya 7,000, wengi wao wakiwa wanawake.

Hapa pana somo kuhusu wajibu wa biashara kwa jamii. Mara nyingi tukisikia neno hilo tunafikiria sherehe ya kukabidhi madawati, picha na makofi. Ni jambo jema, watoto wanahitaji madawati. Lakini wajibu wa kwanza wa biashara umo ndani ya kazi yake yenyewe: inatengeneza kitu gani, inakiuza kwa nani, na inaishi vipi na wanaokitengeneza. Mama wa Mto wa Mbu aliyemlaza mwanawe ndani ya chandarua kizima amefaidika kuliko kama angeletewa keki ya sikukuu.

Hata hivyo, tusifumbe macho. Kiwanda chenye wanunuzi wachache wakubwa hutegemea zabuni zao. Zabuni ikichelewa, mashine hupungua mwendo, na anayelitambua jambo hilo mapema ni kibarua anayeambiwa arudi nyumbani hadi aitwe tena. Sheria nazo hubadilika. Tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, na tarehe 1 Juni 2019 ikafuata mifuko ya plastiki, kwa sababu njema za afya na mazingira. Viwanda vilivyotegemea bidhaa hizo vililazimika kutafuta kazi nyingine au kupunguza watu. Kwa hiyo, familia yenye hekima haiweki chakula chote katika chungu kimoja. Mfano wa kutumia kilichopo karibu ni Banana Investments, biashara ya familia iliyoanzishwa Arusha mwaka 1993, ambayo ilijenga jina lake kwa kutengeneza mvinyo wa ndizi, zao la vihamba vile vile tulivyovipita.

KASHA LA FEDHA NA CHUNGU CHA NYUMBANI

Si kila mtu ana kiwanda. Tutoe mfano mdogo, wa kubuni, lakini ambao kila mkazi wa mji ataufahamu.

Chukulia kuna mzee mmoja fundi seremala huko Ngarenaro. Alianza na randa moja na msumeno, akifanyia kazi chini ya mti. Leo ana karakana, mashine mbili za kuranda na mafundi tisa. Hununua mbao za msindano za mashamba ya miti ya Meru, na mteja mwenye uwezo akija, hutafuta mninga. Vitanda vyake havilii. Mafundi wake wanampenda, kwa maana fundi akifiwa, mzee huyo ndiye wa kwanza kufika msibani na bahasha mkononi.

Lakini mzee huyu ana kasha moja tu la fedha. Ada ya mtoto hutoka humo, mchango wa harusi ya mpwa hutoka humo, na fedha ya mbao hutoka humo humo. Jumamosi moja mteja ametoa malipo ya awali ya makabati ya jikoni. Jumatatu shemeji amekuja na shida ya kweli, na mzee, kwa kuwa ni mtu wa utu, amempa. Jumatano mbao hazijanunuliwa. Ijumaa mafundi wanaambiwa, "Vumilieni wanangu, mambo yatanyooka." Hakuna mwizi katika kisa hiki. Hata hivyo, familia tisa zimelala bila posho, na mteja ameanza kutaja polisi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa ya mzee wetu si kuacha kuwasaidia ndugu. Dawa ni kujilipa mshahara. Ajiandikie kiasi maalumu kila mwezi kama anavyowaandikia mafundi, na kutoka katika mshahara huo ndimo msaada wa shemeji utoke. Zinazobaki ni fedha za karakana, nazo haziguswi kwa jambo la nyumbani, hata kama funguo ziko mfukoni mwake. Akifanya hivyo miezi sita atajua jambo ambalo huenda hajawahi kulijua kwa miaka ishirini, nalo ni kama karakana yake inapata faida au inakula mtaji.

Jambo la pili ni watoto. Kijana wa mzee amemaliza shule na ameingizwa karakanani. Je, ameingia kama mwanafunzi wa fundi mkuu au kama tajiri mdogo? Anayeanza kwa kufagia takataka za randa, akatumwa mbao, akakaripiwa kama wenzake, mafundi watamheshimu siku atakapokaa kwenye kiti cha baba yake. Anayeanza kwa kushika funguo za gari atakuja kuwapoteza mafundi kwanza, na wateja baadaye.

JASHO LA MAMA

Tukifika hapa, lazima tumtaje mtu ambaye jina lake halimo kwenye kibao cha duka. Ni mama. Yeye ndiye aliyewapikia mafundi tangu walipokuwa wawili. Ndiye anayekumbuka nani anadaiwa. Ndiye aliyeuza vitenge vyake mwaka ule mashine ya kwanza ilipotaka kuuzwa na benki. Lakini leseni ni ya baba, akaunti ni ya baba, na kiwanja ni cha baba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa, ndoa inapovunjika, mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Kwa miaka kadhaa mahakimu walibishana: je, kupika na kulea ni juhudi? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika katika uchumaji wa mali. Uamuzi huo ulipaswa kubandikwa ukutani katika kila duka la familia.

Lakini kwa nini tungoje talaka ndipo tupige hesabu? Baba mwenye busara humwandika mkewe kuwa mwenye hisa angali hai na wangali wanapendana. Si hisani, ni kuandika ukweli kwenye karatasi. Tena ni kinga kwa biashara, maana mama anayejua vitabu vya hesabu ataweza kuiendesha siku ambayo baba hayupo.

SIKU BABA ASIPOAMKA

Siku hiyo huja, ndugu msomaji, na haipigi hodi.

Mzee wetu wa Ngarenaro amefariki usingizini. Biashara ilikuwa kwa jina lake yeye. Benki, ipasavyo, inazuia akaunti hadi mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Ukoo unakutana. Kaka wa marehemu anadai mashine moja, kwani alimkopesha mdogo wake zamani. Watoto wa mke mkubwa na wa mke mdogo wanatazamana kwa jicho la upembe. Nje, mafundi tisa wamekaa juu ya magogo wakingoja mtu wa kuwaambia kama waanze kazi au waende zao. Wiki inapita, kisha mwezi. Wa kwanza anaondoka na msumeno wake, wa pili anamfuata. Ukoo unapomaliza kugawana, kinachogawanywa ni vyuma na paa la bati. Ni kile kihamba kilichokatwa vipande, safari hii mjini.

Mambo haya yana kinga. Ya kwanza ni kuigeuza biashara kuwa kampuni iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, nayo haifi pamoja na mwenye hisa. Wanaorithi hurithi hisa, si msumeno mmoja mmoja, na kazi huendelea. Mjane na watoto waweza kugawana faida bila kuigawa mashine. Ya pili ni wosia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, huwasaidia wananchi kuandika na kuhifadhi wosia. Kuandika wosia si kujitakia kifo. Ni kuwatakia uhai wanaobaki.

Ya tatu ni kuwakumbuka mabinti. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory kutoka Kagera, Mahakama Kuu iliikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ilhali mwanamume aliruhusiwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikatamka kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hata hivyo zipo familia, mlimani na mjini, ambazo zingali zinamruka binti hodari anayezijua hesabu zote na kumkabidhi kijana asiyejua bei ya misumari, kwa sababu tu yeye ni wa kiume. Anayeumia si binti peke yake. Wanaumia pia wote waliokuwa wakila kutokana na mali ile.

Japani ilikuwako kampuni ya ujenzi wa mahekalu, Kongo Gumi, iliyoanza mwaka 578 na kuendeshwa na ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 1,400. Siri yao mojawapo ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza hakurithi uongozi kwa kuzaliwa tu. Kama hakufaa, alitafutwa anayefaa, hata mkwe, akaingizwa katika ukoo na kupewa jina. Mwaka 2006 madeni yaliyotokana na kununua majumba na ardhi yaliimaliza kampuni hiyo kama mali ya ukoo. Hata umri wa miaka 1,400 haukuweza kuwaokoa na hesabu mbaya.

HISANI SI MSHAHARA

Tumalizie na wajibu kwa wale wasio wa damu. Historia yetu ina familia za kibiashara zilizotoa kwa mkono mkubwa. Ukoo wa Karimjee, ulioanza biashara Zanzibar mwaka 1818, ulijenga hospitali kisiwani humo na ukalitoa jumba la Karimjee la Dar es Salaam, ambamo Bunge la nchi liliketi kwa miaka mingi. Vitu hivyo vimebaki, na watu wanavitumia.

Lakini jumba huonekana na mshahara hauonekani. Tajiri anaweza kujenga kisima kijijini kwao na papo hapo awe hajapeleka michango ya wafanyakazi wake kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mambo ya msingi: likizo ya mwaka yenye malipo ya siku 28, likizo ya uzazi isiyopungua siku 84, na masharti ya kazi yaliyoandikwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo kwa ajili ya anayeumia kazini, na mchango wake hutolewa na mwajiri, si mfanyakazi. Mambo hayo si zawadi za mzee mwenye moyo mzuri. Ni haki, na mzee mwenye moyo mbaya pia anadaiwa.

Utamsikia mwajiri akisema: "Hapa sisi ni familia moja." Ni maneno matamu, na mara nyingine ni ya kweli. Mwajiri wa familia hukujua kwa jina, hujua mtoto wako amelazwa, hukukopesha bila fomu. Mashirika makubwa hayana upole huo. Lakini maneno hayo hayo hutumiwa pia kumnyamazisha mtu asidai malipo ya saa za ziada, kwa kuwa nani atamdai baba yake? Kipimo ni chepesi. Kama sisi ni familia siku ya kufanya kazi hadi usiku, tuwe familia pia siku ya kuhesabu faida.

Nawe, ndugu mfanyakazi, una sehemu yako. Omba mkataba wa maandishi kwa adabu. Ulizia michango yako NSSF kabla nywele hazijaota mvi. Jiunge na wenzako katika chama cha wafanyakazi. Wala usiiibie karakana misumari kwa hoja kwamba tajiri ana nyingi, kwani karakana ikifa, si watoto wa tajiri watakaokuwa wa kwanza kulala njaa.

Jioni, jua linapozama upande wa Monduli na mlima Meru kuwa kivuli tu, watu wale wa alfajiri hurudi na mabakuli matupu. Katika nyumba moja, mwenye mali naye ameketi mezani na watoto wake. Leo usiku, baada ya kula, na atoe daftari aliweke juu ya meza, awaite mkewe, binti yake na kijana wake, awaoneshe kilichomo: tunadaiwa hiki, tunadai hiki, na hawa ndio watu wanaokula kwa kazi hii. Awasomee majina yao moja baada ya jingine. Mtoto anayeyajua majina hayo mapema ndiye anayefaa kukabidhiwa funguo.